Mwangwi wa mfupa sponji unapotoa namba za ajabu: dalili, sababu na la kufanya

Mwongozo huu ni wa anayepima mfupa sponji kwa mwangwi wa altrasaundi. Huenda unapima mezani, vipande vya mfupa wa ng'ombe vikiwa ndani ya beseni la maji, au unapima kliniki kwenye kisigino cha mtu. Dalili zilizopangwa hapa ndizo zinazolalamikiwa mara nyingi. Chini ya kila moja, sababu ya kawaida inatangulia na ile adimu inafuata.

Mfupa sponji ni wavu wa vijiti na vibamba vyembamba, unene wa takribani milimita 0.1 hadi 0.2, na uwazi uliobaki umejaa uboho. Kwa masafa ya megahezi 1, urefu wa wimbi majini ni karibu milimita 1.5. Kijiti kimoja ni chembamba sana mbele ya wimbi hilo, hivyo hutawanya sauti pande zote, na sehemu ndogo inayorudi kwenye proba, yaani kichwa kinachotuma na kupokea sauti, ndiyo tunayoipima. Kwenye mfupa wa kisigino nguvu ya mtawanyiko hupanda takribani kwa kipeo cha 3 cha masafa, yaani ukizidisha masafa mara 2 mtawanyiko unapanda kama mara 8, sawa na desibeli 9. Shida ni kwamba proba haijui mfupa. Kiputo cha hewa, ukuta wa beseni, ganda gumu la mfupa, hata kelele ya inveta, vyote vinaingia kwenye namba ileile. Kagua njia ya sauti kwanza, mfupa baadaye.

Dalili: hakuna mwangwi, au ni hafifu mno

Anza na kilicho rahisi. Toa mfupa, weka bamba la chuma lililosuguliwa mahali pake, uso wake ukiitazama proba. Chuma ndani ya maji hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya kimo cha wimbi, kwa hiyo lazima uone mwangwi mkubwa. Ukiuona, proba na waya ni wazima, na tatizo liko kwenye mfupa au mpangilio. Usipouona, fuata mpangilio huu:

1. Viputo usoni pa proba. Vifute kwa kidole ndani ya maji. Hii peke yake inamaliza kesi nyingi.
2. Proba imeinama. Izungushe taratibu kwa pande mbili hadi mwangwi wa chuma ufike kilele. Nyuzi 1 au 2 tu zinatosha kuupunguza vibaya.
3. Dirisha la muda liko pasipo. Kwa kasi ya mita 1,490 kwa sekunde, kila milimita ya umbali ni mikrosekunde 1.34 kwenda na kurudi. Bamba likiwa milimita 40 mbali, mwangwi uko karibu mikrosekunde 54. Ukitazama mikrosekunde 20 hutauona hata ungekesha.
4. Koneta imeingia maji au kutu. Ichomoe, ikaushe, isafishe kwa spiriti, kisha jaribu waya mwingine.
5. Uso wa proba umepasuka au umeanza kubanduka.

Hapo kwenye namba 5 ni mwisho wa safari yako. Proba iliyopasuka usiizamishe tena majini ikiwa imeunganishwa. Wala usifungue kisanduku cha kutoa mapigo: hutoa volti 100 hadi 400, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa tiba au wa elektroniki mwenye uzoefu wa mitambo ya volti kubwa. Fundi wa redio wa mtaani, hata akiwa hodari, mwache apumzike.

Dalili: mwangwi mkubwa mno usoni pa mfupa, halafu kimya ndani

Hii ndiyo dalili inayopoteza wiki za watu, na karibu kila mara ni hewa. Hewa iliyonaswa kati ya vijiti hurudisha karibu sauti yote, kwa hiyo mtawanyiko unasomeka juu sana, sauti inafifia kupita kiasi, na ukuta wa nyuma wa kipande hauonekani kabisa. Mtu akiona hivyo hudhani amepata mfupa mgumu ajabu.

Kipande kilichokatwa kikakaa juu ya meza kwa dakika chache tu kimeshakunywa hewa, na kukitumbukiza majini hakuitoi. Kinachohitajika ni pampu ya kuvuta hewa na chombo kinachofungika vizuri. Zamisha kipande kwenye maji yenye chumvi ya asilimia 0.9 yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, funga, vuta hewa kwa dakika 30 hadi 60, ukigonga chombo mara kwa mara. Kisha kihamishe hadi kwenye beseni kikiwa ndani ya maji muda wote, kwa kutumia kikombe. Kikiona hewa hata sekunde mbili, rudia.

Hapa kuna mtego wa nyanda za juu. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa usawa wa bahari, na hukuambia usubiri hadi geji ifike hasi 95 kilopaskali. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni takribani kilopaskali 86 tu. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo haiwezi kupita hasi 86 hata pampu ingekuwa mpya kabisa. Zaidi ya hapo, maji ya nyuzi 25 huanza kuchemka kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 3 hivi, kwa hiyo chombo chenye maji kitaishia karibu hasi 83. Moshi, iliyo chini zaidi, utafika karibu hasi 88. Pampu nyingi zimepelekwa kwa fundi bila kosa lolote.

Ukishafika hapo, viputo vinavyoendelea kutoka bila kikomo ni maji yanayochemka, si hewa ya mfupa. Utajuaje basi kama hewa imekwisha? Pima uzito wa kipande kikining'inia ndani ya maji, kwa mizani ya kusoma gramu 0.01, kila baada ya dakika 10 za kuvuta hewa. Hewa inapotoka uzito huo unapanda. Ukisimama mahali pamoja mara mbili mfululizo, umemaliza.

Sababu nyingine, zisizo za kawaida sana:

Mafuta ya uboho yaliyobaki nusunusu. Ama acha uboho wote, ama utoe wote. Kipande chenye uboho usikilinganishe na kilichooshwa. Kuosha kunafanyika kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mchirizi mkali wa maji, kwa awamu kadhaa. Usichemshe mfupa wala kuutia jiki. Joto na jiki huharibu kolajeni, na baada ya hapo unapima kitu kingine.

Mfupa wa ndama. Ukiagiza buchani, iwe soko la Kilombero au Mbuyuni, omba paja la ng'ombe mkubwa na ukate kutoka mwisho wake wa gotini. Mnyama mchanga bado ana bamba la kukua karibu na kiungo, na mpaka wake hutoa mwangwi wa uongo katikati ya kipande. Kumbuka pia kwamba mfupa sponji wa ng'ombe kwa kawaida ni mzito kuliko wa kisigino cha binadamu, kwa hiyo namba zake usizibebe moja kwa moja kwenda kliniki.

Friza iliyoyeyuka. Umeme ukikatika usiku kucha, kipande kinayeyuka, kinakauka pembeni na kuganda tena. Vifunge kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ndani ya mifuko miwili, nyuzi hasi 20, na uweke sarafu juu ya kikombe cha barafu humo ndani. Ukikuta sarafu imezama, friza ilizimika ukiwa haupo.

Dalili: namba za asubuhi hazifanani na za mchana

Joto la maji. Kasi ya sauti kwenye maji safi ni karibu mita 1,476 kwa sekunde kwa nyuzi 18, na 1,499 kwa nyuzi 26. Beseni lililolala kwenye chumba cha Arusha mwezi wa Julai na kupata jua la dirishani saa nane mchana linaweza kupita kwa urahisi safu hiyo yote. Programu ikiwa imeandikiwa kasi moja isiyobadilika, kosa la mita 15 hadi 20 linahamia moja kwa moja kwenye kasi ya sauti ndani ya mfupa, na tofauti kati ya kisigino imara na kilichodhoofika nayo ni ya makumi machache ya mita.

Weka kipimajoto ndani ya beseni, si ukutani. Andika joto kwa kila kipimo, ingiza kasi ya maji ya joto hilo, na rudia kipimo cha bamba la chuma, ambacho ndicho rejeo la namba zako, kila saa moja au joto likibadilika nyuzi 1. Hita ya akwariamu yenye kidhibiti joto ni dawa ya bei nafuu kuliko kusahihisha kila kitu baadaye, ila izime wakati wa kupima, kwani mkondo wa maji ya moto hupindisha wimbi. Beseni lisiwe na hita na mikono ndani kwa wakati mmoja kama umeme hauna kikata-umeme cha usalama.

Kama joto halibadiliki na bado namba zinatembea, tazama viputo. Maji ya bomba yakitulia hutoa hewa iliyoyeyuka, na baada ya saa chache utaona vishanga vidogo juu ya proba na mfupa. Chemsha maji dakika 15 na yapoze yakiwa yamefunikwa. Yanachemka karibu nyuzi 95 Arusha na 97 Moshi, na hiyo haidhuru.

Dalili: mstari una manyoya, kelele haipungui

Toa proba kwenye koneta. Kelele ikibaki, inatoka kwenye kifaa au umeme. Ikiondoka, waya wa proba unaikusanya kama antena.

Mkosaji mkuu siku hizi ni inveta ya sola na taa za LED za bei rahisi, ambazo swichi zake za ndani hutoa kelele kwenye mamia ya kilohezi, pale pale unapopimia. Zima taa, kisha inveta, kimoja kimoja. Ukiweza, endesha osiloskopu kwa umeme wa gridi wakati wa kupima na uiache inveta izimwe. Baada ya hapo hakikisha ethi ni moja: kifaa, kompyuta na beseni la chuma viingie kwenye ekstensheni moja. Redio za masafa ya kati hutumia kilohezi 531 hadi 1,602, kwa hiyo mwiba mwembamba usiohama kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila masafa) huenda ni kituo cha redio. Waya mfupi wenye ngao nzuri humaliza hilo.

Wastani wa mapigo 64 hupunguza kelele ya kubahatisha kwa desibeli 18. Haupunguzi kelele iliyofungamana na pigo lenyewe. Ikiwa kelele haiguswi na wastani, acha kuongeza wastani na utafute chanzo.

Ukigusa beseni au kifaa ukahisi mtetemo wa umeme, chomoa kila kitu kwenye soketi, usiguse maji, na mwite fundi umeme mwenye leseni akague ethi ya jengo. Hili halina majaribio.

Dalili: ukisogeza proba milimita 2, namba inaruka desibeli 5

Hakuna kilichoharibika. Miangwi ya vijiti vingi hujumlishana au kufutana kwa bahati, na kipimo cha sehemu moja huyumba kwa wastani wa desibeli 5.6 hata mfupa ukiwa uleule. Wanaotoa hukumu kwa mstari mmoja wa mwangwi wanapiga ramli. Pima sehemu 20 au zaidi zilizoachana angalau nusu ya upana wa mwale, tafuta wastani, na mtikisiko unashuka hadi karibu desibeli 1.

Kama kipande kimegeuzwa nyuzi 90 na wastani wenyewe umehama, huo ni mpangilio wa vijiti. Mfupa sponji una mwelekeo. Weka alama ya wino upande wa juu kabla ya kukata, maana baada ya kukata pande zote zinafanana. Sauti ikipita sambamba na vijiti, hutokea mawimbi mawili, la kasi na la polepole, kama Hosokawa na Otani walivyoonyesha mwaka 1997 kwa mfupa wa ng'ombe; programu inayosaka wimbi la kwanza itaruka kati ya hayo mawili na kukupa kasi mbili za kipande kimoja.

Dalili: mfupa mwepesi unasomeka juu kuliko mfupa mzito

Wengi hufikiri wamegeuza lebo. Angalia lebo, ndiyo, lakini sababu ya kawaida ni kwamba hujafidia kufifia kwa sauti.

Mfupa mzito hutawanya zaidi, lakini pia humeza na kutawanya sauti kabla haijafika ndani. Chukua mfupa unaofifisha desibeli 20 kwa sentimita kwa megahezi. Kwa megahezi 1, mwangwi wa kina cha sentimita 1 umepoteza desibeli 40 kwenda na kurudi. Ukichukua nguvu ghafi ya mwangwi ndani ya dirisha refu, mfupa mzito utaonekana maskini kwa sababu sehemu yake ya ndani haikusikika. Ukipanda kwenye masafa ya juu mgeuko huu ni wa kutarajiwa kabisa. Kwa hiyo amua unapima nini: mwangwi ghafi, ambao unaweza kushuka mfupa unapoongezeka, au kizigeu cha mtawanyiko kilichofidiwa (uwezo wa mfupa wenyewe kutawanya sauti), ambacho hupanda. Usichanganye vyote kwenye jedwali moja.

Kufidia kunafanyika hivi. Pima kwanza kufifia kwa kupitisha sauti kutoka proba moja hadi nyingine, maji peke yake halafu na kipande kati yake. Gawanya spektra mbili, chukua mwinamo kati ya megahezi 0.2 na 0.6 kama unafuata njia ya Langton na wenzake ya 1984, au ndani ya upana halali wa proba yako. Kisha rudisha desibeli hizo kwa kila kina kabla ya kulinganisha na bamba la chuma.

Kama umefidia na bado mambo ni kinyume, kagua mwanzo wa dirisha. Uso wa kipande hutoa mwangwi mkali usiohusiana na vijiti vya ndani. Anza dirisha milimita 2 hadi 3 baada ya uso, yaani mikrosekunde 3 hadi 4, na lisipite ukuta wa nyuma. Halafu kagua miangwi ya kurudiarudia: sauti ikigonga mfupa, ikarudi kugonga proba na kwenda tena, mwangwi wa pili hutokea kwa muda mara 2 ya wa kwanza. Kipande kikiwa milimita 10 tu kutoka kwenye proba, wa pili unatua mikrosekunde 27, katikati ya mfupa. Kisogeze hadi milimita 40 au kwenye fokasi ya proba.

Namba zote zikiwa zimehama kwa kiasi kilekile, tuseme desibeli 20 kamili, mfupa hauna hatia. Mwangwi wa chuma ni mkubwa sana kuliko wa mfupa, na ulipunguza amplifaya ili vilele visikatwe. Hukukumbuka kurudisha tofauti hiyo kwenye hesabu. Na kama hukupunguza, tazama vilele: vikiwa bapa, rejeo lako limeharibika na vipimo vyote vya siku hiyo virudiwe.

Dalili: kisigino kilekile, majibu matatu tofauti

Magaga kwanza. Nyufa za kisigino hunasa hewa kama kipande kilichokaushwa, na sugu nene huongeza. Safisha kwa kitambaa chenye maji, kausha, paka jeli ukiisugua ndani ya nyufa, subiri dakika 1 au 2, ongeza jeli. Usimwonee aibu mama wa watu aliyetembea na kandambili kutoka Kibosho. Mweleze kwa heshima kwa nini unasugua.

Pili ni mkao. Mfupa wa kisigino haulingani kila sehemu, na milimita chache zinabadilisha jibu. Mguu ukae kwenye kiweko, goti lisilale pembeni. Pima mara 3 ukitoa mguu na kuurudisha. Zikiachana zaidi ya mita 10 kwa sekunde kwa kasi, anza upya.

Tatu, baridi. Uboho wa kisigino una mafuta mengi, na sauti kwenye mafuta hupungua kasi yanapopata joto, kinyume cha maji. Mguu uliotoka kwenye umande utasomeka imara kuliko ulivyo. Mwache akae ndani ya chumba dakika 10 hadi 15.

Mguu wenye uvimbe, kidonda, au maumivu makali baada ya kuanguka haupimwi. Huyo anahitaji daktari na eksirei kwanza, kwa sababu kisigino kilichovunjika hakitibiwi na namba.

Dalili: watu wengi wanatoka "wabovu", au wengi wanatoka "imara" kupita kiasi

Pima kielelezo kilichokuja na mashine, yaani kile kipande cha kukagulia usahihi wake. Kikiwa nje ya mipaka iliyoandikwa juu yake, simamisha huduma na umwite fundi wa vifaa tiba. Usikisogeze kiwango kwa programu ili "kifanane".

Kielelezo kikiwa sawa, fungua menyu uone mashine inalinganisha na watu wa wapi. Rejeo la Ulaya, Marekani au Japani si la Rombo. Na kile kikomo cha alama T ya hasi 2.5 (umbali wa mfupa kutoka wastani wa vijana wenye afya) kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 kilikusudiwa kipimo cha eksirei cha kiasi cha madini ya mfupa, si altrasaundi ya kisigino. Kukibandika kwenye ripoti ya kisigino ni kumtia mtu ugonjwa ambao hukuupima.

Namba za juu kupita kiasi zina sababu ya hapa kwetu. Maji ya vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika hilo. Aliyekunywa maji hayo miaka mingi anaweza kuwa na mfupa mzito lakini dhaifu, na mwangwi wake husomeka vizuri. Kabla ya kuandika "imara", tazama meno kama yana madoa ya kahawia, uliza alikulia wapi, na kama mgongo au viungo vimekakamaa. Ukipata hayo, andika namba bila hukumu na umpe rufaa kwa daktari wa mifupa pamoja na maelezo ya maji anayotumia.